Nyundo ya Chapa na Msitu Ulioungua wa Mkongoni

Nyundo nimeirudisha. Nimeiweka juu ya meza ya karani, naye akaipindua huku na huku akitafuta mahali mpini ulipopasuka. Hakupaona. Mpini ule ni wa mti wa mkongo, nimeuchonga mwenyewe, angetafuta ufa mpaka jua lizame. Mwisho akasema, "Haya, Mzee Shomari, nenda kapumzike," nami nikatoka zangu mikono mitupu. Nilikuwa nimezoea uzito wa nyundo begani, kwa hiyo njia nzima ya kurudi Mtoni nilitembea nimeinama upande mmoja, watu wakadhani naumwa.

Siku ile ya chai ya kuniaga, nyie askari vijana wa msitu mliniomba niseme neno. Nikasema, "Asanteni kwa maandazi," nikakaa. Haikuwa choyo. Nilikuwa na jambo refu, na jambo refu halisemwi wakati watu wanatazama sahani. Sasa nina nafasi, nimeliandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtaziuliza kwa wengine, wapo wanaozikumbuka kuliko majina ya wajukuu wao. Mie nitawaeleza kwa nini pale kwetu hakuna anayepiga chapa mti ulioungua kabla masika hayajapita juu yake. Mnaifuata kanuni hiyo kila mwaka na kila mwaka mnainung'unikia, nawasikia. Basi kisa chake ni hiki.

Niliingia kazini ningali kijana. Nilipanda kutoka Mtoni asubuhi, nikavuka vilima vya nyuma ya Pugu, nikamkuta askari mkuu wa msitu wa Mkongoni ananoa panga. Jina lake Kondo, Mzaramo wa kulekule, mfupi, mkavu, ugoro hauishi puani. Nikaamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Unajua kupiga nyundo?"

"Najua, mzee."

"Basi hujui. Anayejua huuliza kwanza kinapigwa nini."

Alinionyesha nyundo ya chapa. Upande mmoja bapa, upande wa pili herufi zilizochongwa kinyume, ili zikigonga mti zisomeke. Unachubua gome kwa shoka, chini karibu na mizizi na tena usawa wa kifua, halafu unagonga. Mara moja tu. Ukigonga mara mbili herufi zinapandana, na mnunuzi mjanja atasema hiyo ni miti miwili. Mti wenye chapa ni mali ya mnunuzi, kuanzia kisiki mpaka kilele. Usio na chapa ni wa Serikali, na anayeukata analala ndani. Maneno hayo, "kuanzia kisiki mpaka kilele," yashikeni, yatarudi.

Masika yale yote Kondo hakuniruhusu kugonga. Nilibeba nyundo, nikachubua magome. Alinifundisha kufungua dirisha, yaani kukata kipande kidogo cha gome kwa ncha ya panga, kama ukucha wa kidole gumba, na kutazama ndani. Mti mzima una unyevu chini ya gome, na rangi, na harufu yake. Mkongo una harufu moja, msandarusi nyingine, mvule unatoa utomvu mweupe. Mti mfu ni mkavu na wa kahawia, basi. Nilikuwa naona ni utani wa wazee wa kumchosha kijana. Kumbe mkono wangu ulikuwa unasoma bila mie kujua.

Watu tuliofanya nao kazi sana walikuwa wapasua mbao. Wawili kati yao walikuwa watu wa kusini: Yohana, Mmakonde, Mkristo, na Issa, Myao, Mwislamu. Gogo lilikaa juu ya shimo, Yohana akasimama juu, Issa chini shimoni, msumeno mmoja mrefu katikati yao. Vumbi lote la mbao likamwangukia Issa. Kila siku Issa alidai wabadilishane, na kila siku Yohana alimwambia kuwa yeye akiingia shimoni msumeno unapinda. Ijumaa Issa hapasui. Jumapili Yohana hapasui. Na msumeno ule haupasui kwa mtu mmoja. Mfanyabiashara aliyewaajiri, Mzee Habib, Mhindi wa Ithnaashari mwenye kiwanja cha mbao Temeke, alikuwa akishika kichwa. "Mie naswali Ijumaa," alisema, "nikirudi, Issa anapumzika kuswali. Jumapili Yohana yuko kanisani. Jumamosi wote wawili wanajiandaa! Siku gani nitapata ubao?" Lakini hakuwafukuza, maana hakuna waliopasua ubao ulionyooka kama wao.

Katika miaka hiyo nikaoa. Nilimwoa Tatu, binti wa Bi. Mwantumu wa bondeni. Bi. Mwantumu alikuwa na shamba lake la mpunga kando ya kijito kinachoteremka kutoka Mkongoni kuelekea Mtoni. Mpunga ule ndio uliomlea Tatu na ndugu zake baada ya baba yao kufariki. Kijito kilianza juu kwetu, katika kishimo chenye kivuli kizito tulichokiita Chemchemi, na hakikukauka hata kiangazi kikali. Kikikauka, mama mkwe hana shamba. Wala si yeye peke yake, bonde lote liliishi kwa maji yale.

Sasa, nyie mliooa juzi, sijui mnafuata desturi gani. Sie mkwe tulikuwa hatumtazami usoni. Nikimwona Bi. Mwantumu njiani natoka kando, nageuza uso kichakani mpaka apite. Naye hanisemeshi. Akiwa na neno analiambia nguzo ya mlango, huku mie nimekaa barazani nasikia vizuri sana. "Mwambieni mume wa Tatu banda langu limeinama." Nguzo inakaa kimya, mie nalikarabati banda. Na ulimi wa mama yule, lahaula! Ile nguzo ilisikia mambo.

Moto uliingia Mkongoni kiangazi kimoja baada ya Vita Kuu ya pili, mwaka ambao vuli haikunyesha na masika yakaja kidogo. Ulitoka kwa warina asali walioacha mwenge chini. Msijidanganye kwamba moto wa msitu mnene unaruka kama wa majani makavu ya mbugani. Ule ulitambaa. Ulikuwa chini, kifundoni, unakula majani yaliyooza, polepole, mchana na usiku, na ulipofika kwenye shina ulikaa hapo ukilipika. Ulipozimika, nusu ya kilima ilikuwa imesimama wima, mashina meusi chini, majani mabichi juu. Baada ya siku kadhaa majani nayo yakanyauka na kumwagika yote. Kishimo cha Chemchemi peke yake hakikuguswa, kwa sababu kilikuwa na unyevu. Kila mtu aliyekuja kutazama alisema neno moja, "Umekufa."

Bwana Misitu, Mzungu wetu wa wakati huo, alikuwa mtu mwenye akili na miguu, alipanda kilima mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Alituambia, mie na Kondo, kwamba amri imetoka juu yake: miti iliyoungua iuzwe haraka kabla dumuzi hawajaitoboa. Mji ulikuwa unajengwa, mbao zilitafutwa kama dawa. Mzee Habib ndiye aliyepata kibali. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kila mti wenye mguu mweusi, kuanzia mteremko wa chini.

Nikapiga. Mteremko wa chini wote. Yohana na Issa na kikosi chao wakaangusha, na kwa kuwa magogo yalikuwa mengi, Mzee Habib akaleta trekta iliyobaki vitani, ikawa inaburuta magogo mazima mpaka barabarani. Ilikuwa ikipita njia moja mpaka ichimbike, halafu inahamia pembeni na kuchimba nyingine. Kilima kikawa kimechorwa mifereji mitupu. Huko ilikopita ilikuwa imesaga vijiti vidogo vya kijani, wakati ule nikiviona ni magugu tu.

Masika yakaja, na safari hii yalikuja kwa hasira. Ndipo nilipoona mambo. Visiki tulivyovikata vikachipua. Kisiki cha mkongo ambao nilikuwa nimeupiga chapa ya maiti kilikuwa kinatoa machipukizi pembeni, mekundu, laini. Nikaenda kisiki kingine, nacho hivyohivyo. Si vyote, lakini vingi. Miti ile haikuwa imekufa, ilikuwa imezimia. Gome nene lilikuwa limeukinga moto, majani yalipukutika ili mti upumue, na ulikuwa unangoja mvua tu. Na vile vijiti tulivyovisaga ndivyo vilikuwa watoto wake, waliotoka ardhini baada ya moto.

Kwa kuwa kivuli hakipo, jua likaanguka chini moja kwa moja, na jua halikawii kupata mpangaji. Manyasi yakaingia. Yakapanda mpaka kifuani, halafu yakanipita kichwa. Hondohondo waliokuwa wakitaga katika miti yenye mapango wakahama, na kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakila matunda na kuzitapika mbegu kote msituni, hakuna aliyepanda tena. Nao udongo wa ile mifereji ya trekta ukateremka na maji.

Jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amekuja. Nikakaa barazani, nimetazama ukuta. Alichota maji ya kijito kwa kata yake, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mwanzi, akampa Tatu, Tatu akaja kuiweka mbele yangu mkekani. Maji yalikuwa mekundu, mazito.

Sauti ikatoka mlangoni: "Mwambieni mume wa Tatu, chai yake hiyo imeteremka kutoka msituni kwake. Sukari aweke mwenyewe."

Nikachovya kidole katika kata, kikatoka chekundu.

"Mwambieni vilevile, mpunga wangu umelala chini ya matope, kitalu chote. Mwaka huu nitakula nyundo."

Tatu alijifunika kanga mdomoni kwa kucheka, halafu akaacha kucheka, maana mama yake alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumsikia analia. Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Niliumia sana, nakwambieni wazi, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimkabidhi nani.

Asubuhi yake nilimkuta Kondo. Alikuwa amezeeka, magoti yanamsumbua. Nikamwambia, mteremko wa juu bado haujapigwa chapa, na mteremko wa juu umeikumbatia Chemchemi. Tukifanya kule tulichofanya chini, kijito kimekwisha. Kondo akavuta ugoro. "Mie nilikufundisha dirisha ili ufungue mti mmoja mmoja," akasema. "Sasa nenda ukafungue kilima." Tukaenda pamoja. Tulizunguka ukanda wote unaoizunguka Chemchemi, mti mweusi baada ya mti mweusi, tukifungua madirisha. Mibichi ilikuwa mingi kuliko mikavu, ingawa matawini hapakuwa na jani bado.

Bwana Misitu alipokuja sikumwambia kwamba amri yake mbaya, maana haikuwa yake. Nilimwomba jambo lenye mipaka: aniachie ukanda ule tu, unaoizunguka Chemchemi, usipigwe chapa mpaka masika mengine yapite. Yasipouamsha, nitaupiga wote.

Mzee Habib alikuwapo, akaruka. "Shomari! Mti umeungua, wewe unaupigia ramli? Dumuzi hawangoji ramli!"

"Dumuzi hawali mti ulio hai, mzee. Njoo uchungulie dirisha."

Alichungulia. Alichungulia madirisha mengi, kofia imerudi kisogoni. "Huu mbichi," akakubali, "lakini pesa yangu nayo mbichi, itaoza."

Bwana Misitu alikitazama kishimo. Alijua kwamba huko juu wangemuuliza. Mwisho akasema kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Shomari. Ukanda huu ni wako mpaka masika. Pasipo majani, mimi na wewe tutaulizwa pamoja." Nilimheshimu kwa neno lile, na mpaka leo namheshimu. Sehemu iliyobaki ya mteremko wa juu ikapigwa chapa, ikakatwa.

Na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo halimo katika kitabu chochote cha misitu, kwa sababu ni la wakulima. Mkulima wa kwetu akifyeka shamba anafanya nini? Anakusanya matawi na magugu, anayasukuma pembeni, anapiga mabiwi kwenye mpaka wa shamba na pori, ili katikati pabaki peupe pa kupandia. Mtoto wa Kizaramo anajua hilo, wa Kimakonde pia. Basi kikosi cha Yohana, kila walipoangusha miti, vilele na matawi yote waliyasukuma pembeni vilevile. Na pembeni pa eneo lile kulikuwa na nini? Ukanda wangu. Walikuwa wameuzungushia ukuta wa kuni kavu, umepangwa vizuri, wa kupendeza. Kila mkubwa aliyepita alisema, "Safi sana."

"Yohana," nikamwambia, "mabiwi haya yataniunguzia Chemchemi."

"Sie tunasafisha, Bwana Shomari. Ulitaka tulale kwenye matawi?"

"Hapa si shamba. Shamba unalichoma kwa makusudi."

"Na biwi likikaa katikati trekta ipite wapi? Juu ya kichwa changu?"

Issa akachungulia kutoka shimoni, nyusi nyeupe kwa vumbi. "Ingepita juu ya kichwa chako ingepinda, kama msumeno." Wakacheka. Mie sikucheka. Waligoma kuyahamisha mpaka tajiri aseme, na walikuwa na haki, hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingi.

Nikaenda Temeke, kiwanjani kwa Mzee Habib. Nilimkuta anakunywa chai ya tangawizi, akaniagizia kikombe. Nikamuuliza kwa upole, "Mzee, mti wenye chapa ni wa nani?"

"Wangu."

"Kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Kisiki mpaka kilele. Nyinyi wenyewe mnasema."

"Basi kuna mali yako imelala msituni kwangu imezuia njia. Vilele vyote. Nitakuomba uiondoe, ama nitakuandikia kwamba umehifadhi mali katika msitu wa Serikali."

Alinitazama, akaweka kikombe chini, halafu akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kumbe nilinunua na kuni! Mji mzima unapika, na mie kuni zangu ziko Mkongoni!" Kesho yake lori lilipanda. Akawa anauza kuni Temeke yote, na mabiwi yakawa yanapungua siku hadi siku. Masika nayo yakapita, na ukanda wangu ukavaa majani. Kuna miti iliyokufa kweli, sikupatia yote, lakini sehemu kubwa ilirudi, na chini yake kivuli kikarudi, na vijiti vya mikongo vikasimama kama darasa la watoto. Ile iliyokufa, Bwana Misitu alipotaka kuipiga chapa, Kondo alimwonyesha mapango yake, na chini kinyesi kipya cha hondohondo, wameanza kurudi. Bwana Misitu akaandika iachwe, miti ile ikabaki.

Biwi moja tu halikuondoka. Lilikuwa kona ya juu, mahali lori lisipofika, kubwa kuliko nyumba ya Yohana. Kila siku tulisema kesho.

Moto wa pili ulikuja mwisho wa kiangazi, mchana baada ya adhuhuri, upepo umekaza. Haukutambaa huu. Mteremko wa chini, ule tulioukata wote, sasa ulikuwa bahari ya manyasi makavu, na moto ulipoingia ulipanda kwa kishindo, ukifuata mifereji ya trekta kama njia iliyotengenezewa. Nilisimama juu nikauona unakuja, na nikajua unakokwenda.

Nilipiga nyundo kwenye kipande cha reli tulichotundika kwa kuita watu, nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Wakaja. Kikosi chote cha wapasua mbao kikaja. Wanawake wa bondeni wakapanda na ndoo, Bi. Mwantumu mbele yao, na siku ile sikupata nafasi ya kugeuza uso kichakani. Hata Mzee Habib, aliyekuwa amekuja kukagua, alishuka kwenye lori akiwa na viatu vya ngozi, akakata tawi bichi la kupigia moto.

"Biwi!" nikapiga kelele. "Yohana, biwi!"

Yohana alikuwa ameshaliona. Aliruka juu yake, akaanza kurusha matawi nje, kuelekea kwenye udongo mtupu, upande ule moto unakotokea. Issa akaruka naye. Wakavuta kama wanavyovuta msumeno, huyu na huyu, matawi yakiruka, na moshi ukawafunika mpaka nikawa nasikia sauti zao tu, Issa akimtukana Yohana na Yohana akimwombea kwa Mungu. Moto ulipofika pale biwi lilipokuwa, ulikuta udongo na matawi machache yaliyotawanyika.

Kwingine kote uliugonga ukanda. Nataka mlielewe hili vizuri, ndilo nililoandikia yote haya. Moto ulikuja na kimo cha mtu, ukaingia chini ya kivuli cha miti ile yenye miguu myeusi, ile ambayo kila mtu alisema imekufa, na humo haukukuta nyasi. Ulikuta majani mabichi, unyevu, na baridi. Ukaanguka mpaka kifundoni. Moto wa kifundoni hata Mzee Habib aliweza kuupiga kwa tawi. Tuliupiga mstari mzima, tukaumwagia maji, tukaupiga tena, na kabla jua halijashuka ulikuwa umekwisha. Nyuma yetu Chemchemi ilikuwa inatoka kama kawaida yake, haina habari.

Yohana alitoka hana nyusi. Issa akamtazama. "Sasa unafanana na mti wa Shomari," akasema. "Ngoja masika, zitachipua." Halafu wakakumbatiana na kulia wote wawili, wanaume wazima, hakuna aliyewacheka.

Baada ya hapo Bwana Misitu aliweka kanuni kwa kilima chetu: mti ulioungua hauguswi mpaka masika yapite, kandokando ya maji haupigwi chapa kabisa, na mabiwi hayakai kwenye ukingo wa msitu mbichi. Mteremko wa chini nendeni mkauone wenyewe. Ni manyasi mpaka leo, unaungua karibu kila mwaka, na mikongo tuliyopanda kwa mikono inakufa kila moto unapopita. Mti ulioachwa ulirudi wenyewe bure. Tulioukata tunaulilia.

Jioni ile ya moto niliteremka bondeni nimejaa masizi, koo limekauka, sina hata mate. Nilifika kwa mama mkwe kwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza njiani, nikakaa barazani, nikageuza uso ukutani kama desturi. Nilimsikia Tatu ndani akiulizwa kitu, halafu nikasikia hatua zinatoka. Nikajua ni Tatu anakuja.

Si Tatu. Bi. Mwantumu alikuja akasimama mbele yangu, upande huu wa ukuta niliokuwa nautazama, akaniangalia usoni. Miaka yote ile sikujua kwamba macho yake ni yaleyale ya Tatu. Ameshika kata kwa mikono miwili, na maji yaliyomo yalikuwa meupe, ungeona nyuzi za kifuu chini.

"Kunywa, mwanangu," akasema. Kwangu. Hakuiambia nguzo.

Nikanywa, yeye akangoja mpaka nikamaliza ndipo akaingia ndani. Nililala palepale barazani, na asubuhi yake desturi ilikuwa imerudi mahali pake. Nilikuwa nimeshatoka na kata mkononi, nimejisahau, nikasikia nyuma yangu nguzo ya mlango inaambiwa kwa sauti ya kusikika mpaka Mtoni, "Mwambieni mume wa Tatu arudishe kata yangu!"

Kila alipokuja kwetu mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, aliiambia nguzo maneno hayo, na kila mara nilimsikia anacheka chinichini. Nyundo ya Serikali nimeirudisha kwa karani. Kata ninayo, imetundikwa hapa juu ya kichwa changu ninapoandika, na sirudishi.